Safu ya Nne

Sipendi mikutano ya watu wanaotaka kuondoa njaa duniani kwa mashine. Nasema mapema ili msomaji asije akanilaumu mbele ya safari. Juzijuzi vijana wawili wa kampuni moja walikuja nyumbani kwangu, Kilifi, wamevaa fulana zinazofanana, wakaniomba niende hotelini nikaseme maneno machache. Walikuwa wamesikia kwamba mimi ni miongoni mwa wanawake wa kwanza pwani hii kukaa mbele ya kompyuta, tena kompyuta iliyogawa chakula. Walitaka nieleze jinsi biashara na teknolojia zilivyoshikana mikono kuwaokoa watu. Hata kichwa cha hotuba walikuwa wameshaniandikia. Niliwapa chai, nikawaambia siendi. Walipotoka nilikuwa na hasira, na mtu mzima kama mimi hakasiriki bure.

Basi naandika hapa yale ambayo huko hotelini wasingependa kuyasikia.

Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa karani wa kupiga chapa mjini Malindi, katika kampuni iliyokuwa ikiziuzia hoteli mchele, sukari na mafuta. Kazi nilijifunza kwenye shule ya misheni kule Kaloleni, na kwa vidole nilikuwa hodari kweli, sijisifu. Kwetu ni Vitengeni, kwa Wagiriama wakulima wa mahindi na muhogo, lakini pale Malindi sikupenda ijulikane sana. Nilivaa viatu vya kisigino. Mama mwenye nyumba niliyopanga, Mswahili wa mji hasa, alinisahihisha maneno bila huruma mpaka nikasema kama yeye. Nyumbani nilikwenda Krismasi na kwenye matanga.

Kompyuta ilikuja kwa lori kutoka Mombasa, ndani ya masanduku ya mbao. Meneja alitenga chumba kizima, akafunga mashine ya baridi, akatoa amri kila aingiaye avue viatu mlangoni. Kioo chake kilikuwa cheusi na herufi zake za kijani. Mtaalamu wake, kijana wa Kizungu mwenye kandambili na ndevu chache, alikaa nami wiki mbili akinifundisha, kisha akawa anakuja na kuondoka. Alikuwa mpole. Sina neno naye, isipokuwa moja nitakalolitaja likifika.

Meneja nina maneno naye mengi. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, wa kaunda suti, na kila asubuhi aliifuta ile mashine vumbi kwa leso yake mwenyewe, leso ambayo mchana alifutia jasho. Hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita "karani", na siku akiwa na furaha aliniita "karani yangu", jambo lililoniudhi zaidi.

Mvua zikakosa, zikakosa tena. Malindi mjini huwezi kujua; bomba linatoka maji, watalii wanaota jua. Nilijua nilipokwenda nyumbani kwenye matanga ya shangazi yangu. Ng'ombe wa babu walikuwa wamebaki wawili, na bibi alikuwa akichemsha mizizi ambayo zamani tuliwachimbia nguruwe wa misheni. Jirani ya babu, mzee wa rika lake, mwembamba hata kabla ya njaa, alikuja kunisalimu kama kawaida yake. Kwetu babu na mjukuu wa kike ni watani, na mzee wa rika la babu ni babu pia, kwa hiyo tangu nikiwa na miaka mitano yeye aliniita mke wake.

"Mke wangu," akasema, "umekuja kunipikia au kuniangalia tu?"

"Nipike nini? Mahari yenyewe hujamaliza."

Alicheka mpaka akashika mbavu, na mbavu zilikuwa zinahesabika. Nilimpa nusu ya mkate niliokuwa nimeletea wafiwa. Aliufunga kwenye shuka lake akaenda nao kwa mkewe, hakuula pale.

Wakati huo wafadhili wa ng'ambo walikuwa wanatafuta mtu wa kuwagawia mahindi watu wa Vitengeni na vijiji vyake. Walitaka mtu asiye wa serikali wala wa siasa. Kampuni yetu ilikuwa na malori, ilikuwa na maghala, na sasa ilikuwa na kompyuta. Lazima nikiri kwamba wazo lenyewe halikuwa baya. Kabla ya hapo mahindi ya msaada yalimfuata mwenye kujuana na mwenye orodha. Meneja alisimama mbele yetu wafanyakazi wote, mkono juu ya kompyuta, akasema, "Hii mashine haina mjomba." Watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Sentensi ile aliipenda mno, akawa anaitumia hata kwenye simu.

Sharti kubwa la wafadhili lilikuwa moja tu: pasiwe na jina hewa, jina lisilo na mtu. Kila nyumba ipate gunia lake kila mwezi, na asiwepo mtu wa kujiandikisha mara mbili.

Makarani wakapelekwa vijijini kuandikisha wenye nyumba. Vijana waishio karibu na barabara waliandikwa kwanza. Wazee walio ndani huko wakaandikwa mwisho, makarani walipochoka. Fomu zikaletwa Malindi kwenye magunia, nami nikaziingiza, moja baada ya nyingine, mpaka usiku nikiota herufi za kijani.

Mwanzoni orodha ilikuwa na safu nne: jina, kijiji, idadi ya watu, na mwaka wa kuzaliwa. Vijana walijua miaka yao. Wazee walijibu wanavyojua wao. Mmoja alisema alizaliwa wakati wa nzige. Mwingine alisema njaa kubwa ya kwanza ilimkuta ameota meno mawili. Karani mvivu aliandika maneno hayo kama yalivyo, na karani mvivu zaidi aliacha wazi. Kompyuta ilitaka tarakimu nne, haikutaka nzige. Kila nilipojaribu kuiruka safu ile ililia kama kifaranga na kugoma kwenda mbele. Meneja akasikia ikilia siku tatu mfululizo, akamwambia mtaalamu, "Toa hiyo safu, inatuchelewesha." Mtaalamu akaitoa. Tukabaki na safu tatu, na mimi nikafurahi kwa sababu kazi ilikwenda haraka.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na sisi sote tuliokuwa chumbani tulivua viatu kwa heshima likipita.

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, na jina lake la pili ni la baba yake. Baba yake naye alipewa jina la babu yake mwenyewe. Kwa hiyo babu na mjukuu hubeba majina yale yale mawili, kwa mpangilio ule ule. Ndivyo tunavyowaweka wazee wetu wasipotee. Kijijini hakuna anayechanganyikiwa. Mzee ana lakabu yake, na ikibidi watu huuliza, "Wa mama yupi?" Wanaume wa zamani walioa wake wengi, na mama ndiye aliyetenganisha. Ndugu yangu mkubwa ana majina ya babu yangu, neno kwa neno, na wanakaa kijiji kimoja.

Siku ya kusafisha orodha mtaalamu aliipa kompyuta amri itafute waliojiandikisha mara mbili kwa jina moja na kijiji kimoja, ibakize wa kwanza, imtoe wa pili. Kisha akaondoka kwenda Mombasa. Mashine ya kuchapa ikaanza kupiga kelele. Ilitoa karatasi ndefu yenye matundu pembeni, ikaitoa, ikaitoa, mpaka ikalala sakafuni. Meneja aliinua ile karatasi juu ya kichwa chake kwa mikono miwili.

"Wezi!" akasema. "Nimewashika wote!"

Nilisoma majina machache, nikajua. Haikunichukua hata dakika moja. Katikati ya ukurasa wa pili alikuwamo babu yangu, na mistari michache chini yake alikuwamo jirani yake.

"Bwana Meneja," nikasema, "hawa si wezi. Ni mababu na wajukuu."

"Mababu gani?"

Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa. Alinisikiliza huku akikunja karatasi.

"Hiyo maneno ya nyumbani, wacha nyumbani," akasema. "Wewe ni karani ama ni wakili yao? Kama mtu ni mtu kweli, atakuja hapa alalamike."

"Wazee wale hawawezi kufika Malindi, Bwana."

"Basi hawana njaa sana."

Namchukia kwa maneno hayo mpaka leo, na alishakufa. Lakini hadithi hii ingekuwa rahisi kama ningekuwa na yeye tu wa kumchukia. Nilinyamaza. Nilikuwa na chumba cha baridi, mshahara, na viatu vilivyonisubiri mlangoni, na sikutaka kuitwa wakili wa watu wa porini mbele ya wenzangu. Alipokwenda kula nilikaa kwenye kibodi, nikaliingiza tena jina la babu yangu. Mashine, kwa amri ile mpya, ilikataa: yumo tayari. Nikaongeza jina la tatu, jina la mama yake mzazi, aliyekufa kabla mimi sijazaliwa. Mashine ikakubali bila kulia. Nikatoka nikaenda kununua viazi karai, nikavila vyote.

Jina la jirani ya babu sikulirudisha. Jina la mama yake sikulijua, na sikujisumbua kulitafuta.

Mgao wa kwanza ulifanyika kwenye uwanja wa shule, Vitengeni. Nilipelekwa na lori kwa sababu Meneja alitaka mtu wa kutia alama kwenye orodha. Aliyesoma majina alikuwa karani wa ghala, mtu mnene mwenye sauti. Mahindi yalikuwa ya njano, watu wakayatazama kwa mashaka, lakini hakuna aliyekataa. Wanaume walikaa chini upande mmoja, wanawake upande wa pili. Karani akaanza kusoma, na hapo hapo nikatamani ardhi ipasuke.

Kila jina alilolisoma, walisimama wawili.

Kijana na mzee. Wote wakaitika kwa sauti kubwa, wote wakaanza kutembea, kisha wakatazamana. Gunia lilikuwa moja. Karani wa ghala akacheka. "Si mnaona? Jina moja, wezi wawili!" Watu hawakucheka naye. Lilipofika jina la jirani ya babu, alisimama yeye na akasimama mjukuu wake, kijana aliyekuwa na mke mwenye mimba na watoto watatu wamemshika nguo. Mzee alimtazama mjukuu wake, akawatazama wale watoto, akaketi. Ilikuwa hivyo kwa karibu wote. Wachache walivutana, mjukuu na babu yake wakishikana mashati mbele ya watu, jambo ambalo sikuwahi kuliona na sitaki kuliona tena. Lakini wengi waliketi, na walioketi walikuwa wazee.

Jina la babu yangu likasomwa. Akasimama. Upande wa wanawake akasimama mke wa ndugu yangu, mtoto mgongoni, kwa sababu ndugu yangu alikuwa ameenda Malindi kuosha vyombo hotelini. Babu akamwona, akaanza kuketi. Orodha ilikuwa imepangwa kwa herufi, na mstari uliofuata ulikuwa wake, ule niliouandika mimi. Karani akasoma majina mawili yale yale, kisha akasoma jina la tatu, jina la mama yake, kwa sauti ile ile ya kuita magunia.

Babu alibaki hivyo, hakuketi wala hakusimama. Jina lile halikuwa limetamkwa hadharani pengine tangu mwenyewe azikwe. Hakuna aliyelijua isipokuwa watu wa nyumba yetu. Akanyooka, akaja mpaka mezani.

"Nani aliyemwandika mama yangu?" akauliza.

"Mzee, chukua mahindi, usitucheleweshe," karani akasema.

"Nimeuliza."

Niliweka kalamu chini. "Ni mimi, Tsawe," nikasema. Ndivyo tunavyomwita babu kwetu.

"Kwa hiyo mashine yenu inawajua akina mama."

"Haiwajui. Niliiambia mimi."

"Na hawa wenzangu mbona hukuiambia?"

Nilijibu jibu la kijinga kuliko yote niliyowahi kujibu maishani. Nilisema, "Sikuulizwa."

"Na mama yangu mimi, nani alikuuliza?"

Babu hakuwa mtu wa busara tamu, wala sitaki kumsingizia leo. Alikuwa mkali, mgomvi wa mipaka, aliyempiga baba yangu mbele za watu, baba akiwa mtu mzima mwenye watoto. Aliniangalia kwa chuki ya wazi, nami nilijua ni haki yangu.

"Kalamu unayo?" akasema.

"Ninayo."

"Basi kaa hapo uandike."

Akawageukia wale walioketi, akawaambia waje mmoja mmoja. Karani wa ghala alitaka kupinga, dereva akamvuta shati. Nikageuza karatasi upande wa pili, nikaandika. Wazee walikuja wakainama sikioni mwangu wakataja mama zao. Wengine waliona haya kama watoto. Mmoja alikuwa amelisahau, akasimama pale akikodoa macho, akalikumbuka, akacheka peke yake. Jirani ya babu alikuja karibu na mwisho, akaegemea meza kwa mikono yote miwili.

"Mke wangu," akasema, "mwandike vizuri mavyaa wako. Alikuwa mkali, asije akakulaani."

Mavyaa ni mama mkwe. Hata siku ile alinitania. Nilimwandika kwa herufi kubwa.

Babu alilifungua gunia lake palepale, akawapimia wenzake kibaba kibaba mpaka likabaki robo. Kisha akalibeba akaondoka. Hakuniaga.

Kesho yake nilimpelekea Meneja ile karatasi. Nilikuwa nimeinakili kwa taipureta, safi, kila mzee na mama yake. Aliisoma nusu.

"Wageni wanakuja," akasema. "Wafadhili wenyewe. Nataka waone orodha safi, na hii yako ni takataka. Hakuna kugusa mpaka waende."

"Wageni wanakuja lini?"

"Watakuja."

Akaichukua diski yenye orodha, akaifungia kwenye droo yake, ufunguo akauunga kwenye funguo za gari. Kila siku nilimuuliza. Kila siku aliniambia ngoja. Nilimwomba aniruhusu nimpigie simu mtaalamu Mombasa, akasema atampigia yeye. Hakumpigia. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Alipaka chumba rangi mpya. Alinunua maua ya plastiki. Mgao wa mwezi uliofuata ukaahirishwa ili wageni waje kwanza, na sisi ofisini tukapewa sare.

Wageni wakaja, wakanywa madafu, wakavua viatu. Meneja aliwaonyesha ile karatasi ndefu ya marudio aliyokuwa ameihifadhi. "Hawa wote ni wezi," akawaambia, "na mashine ndiyo iliyowashika." Wageni wakaitikia kwa vichwa, wamefurahi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kibodi na sare yangu, nikifanya kazi ya kuonyesha kwamba kuna mtu. Mtaalamu alikuwa amekuja nao. Alipotoka nje kwenda kuangalia jenereta, nikamfuata nyuma ya ghala, nikamweleza kila kitu kwa Kiswahili na kwa Kiingereza cha Kaloleni. Uso wake ukawa mwekundu.

"Kwa nini hamkuniambia?" akasema.

Hilo ndilo neno langu naye. Kuambiwa! Alikuwa ameitoa safu ya mwaka kwa mkono wake bila kumuuliza mtu yeyote wale wazee watajulikana kwa nini. Lakini nilinyamaza, kwa sababu mara hii nilitaka kitu kutoka kwake, na aliporudi ndani alikifanya. Alimwomba Meneja diski mbele ya wageni, na Meneja hakuweza kumnyima. Aliongeza safu ya nne, akaandika juu yake "Mama", akanionyesha jinsi ya kuijaza. Chai ya wageni ilikuwa bado moto. Kazi yote ile iliyongojewa majuma kwa majuma ilichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Wageni wakauliza safu ile ni ya nini. Meneja hakubabaika hata kidogo. Akawaeleza kwamba kampuni yetu, kwa kuheshimu mila za wenyeji, imebuni njia yake yenyewe. Wakapiga picha. Yumo Meneja, imo mashine, na pembeni kipo kiwiko changu. Picha ile ilitundikwa ofisini kwa miaka.

Nilijaza majina ya akina mama kwa siku mbili. Sikuinua kichwa.

Mgao wa pili ulifanyika uwanja ule ule, na karani yule yule. Safari hii jina liliposomwa alisimama mtu mmoja, na liliposomwa tena na mama mwingine alisimama mwingine. Wazee walikwenda na kurudi na magunia yao, wengine wakisaidiwa. Ninyi vijana wa fulana, hapa ndipo mnapotaka niishie. Najua. Mashine iligawa mahindi, na iligawa kwa haki kuliko nilivyowahi kuona kabla ya hapo wala baadaye. Silikatai hilo, na ndiyo maana hasira yangu haiishi, kwani iliwezekana tangu siku ya kwanza.

Karani akasoma jina la jirani ya babu. Mjukuu wake alishachukua lake, na hili lilikuwa la mzee, na jina la mama yake baada yake. Hakusimama mtu. Karani akarudia kwa sauti zaidi. Nikainua macho kumtafuta, nikiwa tayari na jibu la utani.

Babu yangu ndiye aliyekuja mezani. Tulikuwa hatujasemezana tangu siku ile.

"Tulimzika wiki iliyopita," akasema. "Huyo sasa waweza kumfuta."

Alisema taratibu, bila ukali, na kwa babu yangu hilo lilikuwa baya kuliko kofi. Akarudi kukaa. Nyuma ya wanawake wote nilimwona mjane, amejifunga kaniki, amesimama peke yake. Hakuwa na mtoto aliye hai; alibaki na yule mjukuu tu, naye alikuwa na mzigo wake. Kanuni ya kampuni niliijua kwa sababu niliipiga chapa mimi mwenyewe: mwenye nyumba akifa afutwe siku hiyo hiyo, na mjane angoje uandikishaji mpya. Uandikishaji mpya haukuwa na tarehe.

"Amekufa?" karani wa ghala akaniuliza. "Mfute."

"Hajafa," nikasema. "Mzee yule amechanganya. Huyu ni mgonjwa, mkewe anamchukulia."

Karani alinitazama, akamtazama babu, akaamua kwamba jua ni kali mno kwa mabishano. Nikatia alama. Mjane akaja, vijana wakambebea.

Mwezi uliofuata alichukua tena, na uliofuata tena, mpaka mvua zilipokuja na mgao ukaisha. Meneja aliwaandikia wafadhili kwamba orodha yake haina jina hewa hata moja. Lilikuwamo moja, nami ndiye niliyeliweka. Kila mwezi, kabla orodha haijachapwa, nilifika kwenye mstari wa jirani ya babu nikamkagua mavyaa wangu herufi kwa herufi, kuona kama ameandikwa vizuri.